Wamenirudisha Ubaoni

Kazi yangu ni kudizaini. Nina kiduka hapa Mtwara mjini, si mbali na soko: meza mbili, kompyuta moja na printa yenye maringo kuliko bibi harusi. Natengeneza kadi za harusi, mabango ya saluni, fulana za vikundi vya vikoba, na msimu wa uchaguzi ukifika, sura za wagombea. Kwa hiyo habari za mtindo wa zamani na mtindo wa kisasa usinifundishe. Nimeuona wakati ambapo kila mteja alitaka herufi ziwe na kivuli, zing'ae dhahabu, na pembeni pawe na waridi linalodondosha umande. Nikauona na wakati ulipogeuka: kivuli toa, mng'ao toa, waridi toa, bakiza rangi moja na maandishi membamba. Mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Mtu akija na waridi lake nilimwambia, dada, hilo limeshapitwa, hebu tuweke kitu safi.

Ndiyo maana programu ya msahafu aliyokuja kuitumia mama niliicheka siku ya kwanza nilipomwekea kwenye simu. Ukiifungua unakuta rafu ya mbao yenye mishipa ya mti. Juu ya rafu kuna msahafu wenye jalada la ngozi la kijani na nakshi za dhahabu. Ukigusa jalada, linafunguka. Ndani kurasa zina rangi ya karatasi iliyokaa, katikati kuna kivuli pale zinapokutana, na utepe mwekundu unaning'inia kuonyesha ulipoishia. Nikasema moyoni, jamani, ngozi ya nini kwenye kioo? Mbuzi gani huyu amechinjiwa simu? Lakini ndiyo pekee niliyoipata ambayo ukurasa ulikuwa unakuza herufi zake na bado ukabaki ukurasa, na mama alihitaji herufi kubwa kwelikweli.

Mama yangu alitoka Kitaya, kule mtoni, ng'ambo unaiona Msumbiji. Maisha yake yote alilima mihogo na kuokota korosho. Alikuja kukaa nami mtaa wa Ufukoni kwa sababu ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, kisha akaniita pembeni akaniambia bila kuzunguka kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki tunakichelewesha tu. Mimi nikarudi benchini na uso wa uongo. Mama akaniuliza, "Amesemaje? Macho yanakwenda zake?" Nikashindwa kudanganya, nikamwambia, yanakwenda, mama. Ndani ya bajaji akasema, "Basi mimi nataka kuhitimu."

Asiyekulia kwetu huenda asilipime neno hilo. Kuhitimu ni kuusoma msahafu mzima, mwanzo mpaka mwisho, herufi kwa herufi. Watoto wengi humaliza wakiwa hata ndevu hazijaota, wakapikiwa wali, wakavishwa kanzu mpya, wazazi wakatembea vifua mbele. Mama hakumaliza. Alipokuwa binti alisoma kwenye chuo cha Kurani cha kijijini kwao, banda la makuti, mwalimu mkali mwenye bakora. Akafika katikati ya msahafu. Kisha akaingizwa unyagoni, na alipotoka akaambiwa chuo basi, sasa wewe ni mtu mzima, kuna mume. Akaenda kwa mume, akaenda shambani, na ile nusu ikabaki nusu. Alikuwa akijitania mwenyewe. Akisikia mtu anaitwa mhitimu alikuwa akisema, "Mimi ni nusu mhitimu, nipeni nusu sahani." Tukicheka, naye anacheka, lakini nilikuwa nikimtazama nikiona kicheko hakifiki mbali.

Karatasi ilishamshinda. Nilimletea msahafu wa maandishi makubwa kutoka Dar es Salaam, akauweka mbele ya dirisha, akaupeleka huku na huku, akaufunga. Karatasi haiwaki. Simu inawaka yenyewe, ndiyo maana nikamwekea ile programu, pamoja na ngozi yake na rafu yake. Nikamwonyesha: ukimaliza ukurasa, shika pembe, uvute. Akashika pembe kwa kidole chake kilichokauka kwa utomvu wa korosho. Ukurasa ukainuka, ukajikunja, upande wa nyuma ukaonekana na herufi zake zikipita kwa mbali kama karatasi iliyoelekezwa kwenye mwanga, kisha ukalala upande wa pili. Mama akavuta pumzi. Akaniambia nimtolee simu mapajani mwake mara moja, kwa sababu hana udhu.

Kuanzia hapo ile simu haikuwa simu tena. Alitawadha kwanza, akajifunga mtandio, akaiweka juu ya marufaa, kile kibao cha kukunjua wanachowekea msahafu, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika kwa mkono uliotoka kumenya vitunguu. Siku moja mtu alimpigia katikati ya kisomo, mlio wa taarabu ukalia juu ya marufaa. Toba! Nilisikia mama anaita jina la Mungu na la marehemu bibi yangu kwa pamoja. Nikaitoa laini, nikampa kisimu kingine cha tochi cha kuongelea.

Alianza upya tangu mwanzo, maana alisema ile nusu ya usichana imeota kutu. Kila asubuhi, baada ya chai, alikaa barazani kwangu na kusoma kwa sauti. Wapita njia walimsalimia kwa kupunga mkono wasimkatize. Na mimi, mwenye dharau zangu za usafi, nikaanza kuona jambo. Pembeni mwa ule msahafu wa kuchorwa kulikuwa na unene. Kulia zilirundikana kurasa alizosoma, kushoto zilikaa zilizobaki, mistari midogo midogo ya karatasi iliyopangwa, na kila alipofunua, kulia paliongezeka na kushoto pakapungua. Mimi nilidhani ni pambo. Mama alikuwa akiutazama unene ule kabla ya kitu kingine chochote. Akimaliza kusoma, aliisogeza simu karibu na jicho lililo zima zaidi, akapitisha ukucha pembeni mwa kioo, akasema, "Kunakonda." Maana yake upande wa kushoto. Hakuna aliyemfundisha hilo. Ni jambo analolijua kila aliyewahi kushika kitabu kwa mikono miwili.

Siku alipopita pale alipokomea usichanani, aliniita nikiwa nimeshafunga ushungi wa kwenda dukani. "Njoo uone. Hapa ndipo waliponitoa." Akanionyesha mstari. Kisha akafunua ukurasa uliofuata, ambao hakuwahi kuusoma chini ya mwalimu yeyote, akausoma wote kwa sauti. Alinituma ninunue kwa mama mmoja jirani yetu ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, beseni zima, na pilipili yake, nigawe mtaani. Watu wakauliza ni shughuli gani. Nikasema mama kavuka. Nilichelewa kufungua duka siku hiyo na sikujali.

Kisha usiku mmoja simu ikajisasisha yenyewe kwa intaneti ya nyumbani, kama zinavyofanya hizi simu, hazikuombi ruhusa. Niliamka nikakuta mama ameshakaa mbele ya marufaa, hasomi. Akaniambia, "Mwanangu, wamekichuna."

Nikainama nikatazama. Kweli, kitabu kimechunwa. Rafu hakuna, ngozi hakuna, utepe hakuna. Kioo cheupe pe, maandishi meusi, na juu kabisa mstari mwembamba wa kijani. Kurasa hazikuwepo. Maneno yalishuka moja kwa moja, na ili uendelee unasukuma kwa kidole gumba kwenda juu, unasukuma, unasukuma. Nitasema ukweli kama mtu wa kazi hiyo: palikuwa pazuri. Safi. Mwanafunzi wangu angeniletea kitu kile ningempa tano. Lakini mama alikuwa bado anapapasa kioo akitafuta pembe ya kuvuta.

Akajaribu. Akasoma mistari michache, akasukuma. Mistari aliyoisoma ikapanda, ikaingia kwenye ule ukingo wa juu, ikapotea. Akarudisha mkono haraka.

"Wanafuta," akasema.

"Hawafuti, mama. Imo. Tazama." Nikavuta chini, mistari ikarudi. "Unaona? Imo yote."

"Hata ubao ukishaoshwa, mwalimu anaweza kukuandikia yale yale. Lakini umeoshwa." Kisha akasema, taratibu, "Wamenirudisha ubaoni."

Ubao anaousema ni ule wa mti. Kwenye vyuo vya kule kwao, mtoto hakupewa msahafu siku ya kwanza. Alipewa ubao, mwalimu akamwandikia aya kwa wino wa masizi, akaisoma mpaka ikamkaa kichwani. Alipoijua, alisimama mbele ya mwalimu akaitoa bila kutazama, na hapo tu ndipo aliporuhusiwa kuuosha ubao na kuandikiwa nyingine. Kuuosha kabla hujasikilizwa lilikuwa kosa la bakora. Kupewa msahafu kulikuwa kutoka utotoni: kwenye msahafu uliyoyasoma hayaoshwi, yanalala upande wa pili na kukungoja. Mama aliukumbuka hata mwangaza wa siku ile alipokabidhiwa. Na sasa, akiwa na mvi, kitabu kikamgeukia kuwa ubao.

Basi akafanya vile alivyofundishwa. Hakukubali mstari hata mmoja upotee juu kabla hajauhifadhi. Aliusoma, akaurudia, akaurudia, akafumba macho akautoa. Na kwa kuwa ubao hauoshwi bila mwalimu, mwalimu nikawa mimi. Mimi! Ninayejua vijisura vya mwisho tu, vile vya kuswalia! Nilikaa mbele yake na simu mkononi, nikifuata herufi kwa kidole taratibu kama mtoto, yeye akisoma kwa kichwa. Akikosea nilimwambia rudi. Akipatia, alisema "Osha," nami nikasukuma kile kioo kwenda juu.

Kwa mwendo ule alikuwa akimaliza kwa wiki kile alichokuwa akimaliza kwa asubuhi. Niliona, na nikakasirika, na hasira yangu ikatokea pasipostahili. "Mama, huu si ubao! Wewe soma tu usukume, soma usukume! Macho hayakusubiri!" Akanigeuzia uso mzima, maana pembeni alikuwa haoni tena, akanijibu kwa Kimakonde kwanza, kisha kwa Kiswahili nisije nikajifanya sikusikia: "Wewe uliyesomea kompyuta, unajua ubao wewe? Nikihitimu kwa kurukaruka, Mungu nimwambie nini, simu ilinikimbiza?"

Usidhani nilikaa kitako. Nilimpelekea simu fundi wa pale stendi, akanitafutia toleo la zamani, akalirudisha. Nikaiona ile ngozi ya kijani, nikamkumbatia fundi wa watu mbele ya wateja wake. Nilipofika nyumbani nikafungua mbele ya mama, rafu ikatokea, kisha kikaja kibao cha maandishi katikati: toleo hili halitumiki tena. Hakikuondoka. Nikajaribu programu nyingine. Zile safi zote ni ubao mtupu. Moja ilikuwa na picha za kurasa, lakini ukizikuza zinatoka nje ya kioo, nusu ya mstari iko huku, nusu haionekani. Nikawaandikia wenye programu, kwa Kiingereza changu cha kadi za harusi, nikawaeleza habari za mama yangu na unene wa kurasa. Walinijibu upesi, kwa adabu. Wakashukuru kwa maoni. Wakasema muundo mpya ni mwepesi na wa kisasa, na kwamba watumiaji wengi wanaupenda. Siwezi hata kuwatukana, maana maneno yale ninayajua. Ndiyo ninayowaambia wateja wangu.

Nikamwambia basi asikilize, kuna wasomaji wazuri, nimwekee spika. Akanikatiza. "Kusikiliza si kusoma. Hata kuku wa chuoni kwetu walisikiliza kila siku, na sikuona kuku aliyehitimu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Halafu tukaendelea kukaa pale, kicheko kimekwisha, mimi nikijua kwamba amekataa mlango wa mwisho niliokuwa nao.

Lililoniuma zaidi halikuwa mwendo. Lilikuwa lile swali. Zamani alijua mwenyewe kiasi kilichobaki, alikipima kwa ukucha. Sasa kila tulipomaliza alikuwa akiniuliza, "Nimebakiza kingi?" Kwenye kioo kulikuwa na kile kistari cha kijani juu, chembamba kama uzi, na ndicho kilichokuwa kimechukua nafasi ya unene wote ule. Yeye hakuweza kukiona kabisa. Mimi nilikiona, na nilikuwa nakiona hakisogei. "Kidogo, mama," nilisema. Mara ya kwanza aliniamini. Baadaye hakuniamini, lakini aliendelea kuuliza, nami nikaendelea kujibu.

Macho yalikuja yakaisha wakati wa mikorosho kutoa maua. Nakumbuka kwa sababu harufu ile ilifika mpaka mjini, na ndugu zake walikuwa wamemletea salamu za shamba. Alikaa mbele ya marufaa, ametawadha, mtandio umefungwa vizuri, akaniambia, "Iwashe basi, tuanze." Ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimeiwasha mimi mwenyewe na mwanga wake ulikuwa umemjaa usoni, nikiona hadi mikunjo ya kope zake. Akangoja. Kisha akanyoosha mkono akagusa kioo, akausikia uvuguvugu wake, akaelewa. Akasema "Ahaa."

Nililia jikoni, nikiwa nimefungua maji ya bomba yasikike. Sikuona haya kulia, niliona haya kwamba yeye hakulia.

Baada ya hapo alisoma kwa kichwa. Ile sehemu ya ubao, aliyoihifadhi kwa tabu yote ile, ilikuwa imemkaa barabara, hakuna herufi iliyolegea. Alikaa barazani pale pale, kila asubuhi, akiisoma kwa sauti, na wapita njia wakampungia mkono bila kujua kwamba haoni mkono. Alifika mstari wa mwisho tuliouosha, akanyamaza. Nilikuwa nikivaa viatu ndani nikisikia ule ukimya. Kisha akarudi mwanzo. Nilimwambia, mama, nitakusomea mstari mmoja mmoja, uufuate, tusonge. Tulijaribu. Lakini mimi na Kiarabu changu cha kubabaisha nilikuwa nikisita katikati ya neno, nikilisoma hivi, nikilisoma vile, na siku ya tatu akanishika goti akasema, "Acha, mwanangu. Utanifundisha makosa, nife nayo."

Alikufa msimu wa korosho ulipokuwa umekwisha kabisa, kwa homa ya siku chache. Asubuhi, baada ya chai ambayo hakuinywa. Sitaeleza mengi hapo.

Watu walijaa. Wanaume nje kwenye maturubai, sisi wanawake ndani tumeketi juu ya mikeka, na kipaza sauti kimefungwa dirishani ili tusikie dua. Mwalimu wa msikiti wa mtaani kwetu, mtu mwema, asiye na neno baya na mtu, akaifungua dua kwa kumsifu marehemu kabla ya kumbeba. Akasema nani kati yetu hakumwona bibi huyu barazani pake. Akasema alikuja mjini na macho mabovu akakishika kitabu, na Mwenyezi Mungu hakumwacha, kwani amekufa ameshahitimu. "Bibi yetu ni mhitimu," akasema, sauti ikapita kwenye kipaza sauti mpaka barabarani. Kina mama mle ndani wakaguna kwa furaha, mashaallah, mashaallah. Mmoja akanipapasa mgongo.

Lilikuwa neno tamu. Lilikuwa ndilo neno alilolitaka maisha yake yote, limetamkwa mbele ya mtaa mzima, na hakukuwa na mtu ambaye angelipinga. Nami nikasikia sauti yangu inatoka kabla sijaiita.

"Hakuhitimu!"

Yule jirani muuza ming'oko akanifunika mdomo kwa upindo wa khanga, akaninong'oneza, "Nyamaza mwanangu, unamwaibisha mama yako." Nikauondoa ule mkono. Nikainuka nikaenda dirishani, kwenye nondo, pale kipaza sauti kilipofungwa, nikamwona mwalimu amesimama mbele ya jeneza amegeuka kunitazama.

"Hakuhitimu, mwalimu," nikasema. "Alibakiza. Alikuwa bado anasoma. Mwombeeni kama mtu aliyebakiza."

Mwalimu alishusha macho kidogo, wanaume wakasogeza miguu mchangani, kisha akainua mikono na kuianza dua upya.